Likizo ya kutembea kwa miguu ni dawa, nayo kila dawa ina kipimo chake

MWAKA mmoja na nusu uliopita, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa miaka 54, aliingia katika kliniki yangu akichechemea. Alikuwa ametoka likizo ya siku tano huko Pwani, likizo ya aina ambayo Wakenya wa mijini wanaanza kuipenda: kutembea kwa miguu mkiongozwa na mwelekezi, kutoka mikokoni hadi ufuoni, na kutoka ufuoni hadi kwenye ranchi na malisho ya ng'ombe. Alipovua soksi, nesi aliyekuwa kando yangu alirudi nyuma hatua moja kwa sababu ya harufu.

Mwalimu huyu amekuwa mgonjwa wangu wa kisukari kwa miaka tisa. Viatu vya raba alivinunua siku moja kabla ya safari. Siku ya pili mchanga uliingia ndani ukamchubua kidole kidogo cha mguu wa kulia na kile kinachokifuata. Hakusikia maumivu yoyote, kwani kisukari kilikuwa kimekwisha kuitia ganzi miguu yake. Akatembea siku tatu zaidi juu ya kidonda asichokijua. Aliporudi nyumbani alikipaka dawa ya dukani kwa siku kumi akitumaini kitapona. Hakikupona. Tulimpeleka hospitalini na vidole vyote viwili vikakatwa.

Alipopata nafuu aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Daktari, wewe uliniambia nitembee. Hukuniambia nitazame miguu."

Alisema kweli. Nilipofungua faili yake niliona nimeandika mara nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "Ashauriwe kufanya mazoezi." Lau ningempa vidonge, ningemwandikia ameze vingapi, mara ngapi kwa siku, na kama ni kabla au baada ya kula. Kuhusu kutembea, nilimpa neno moja tu.

Maoni yangu katika makala haya ni mawili. La kwanza, likizo ya kutembea kwa miguu katika Pwani yetu ni jambo jema kwa afya, na Wakenya hatuna sababu ya kuwaachia wageni. La pili, sisi madaktari tunaowaambia watu watembee, pamoja na kampuni zinazowauzia safari hizo, tumekuwa tukitoa dawa bila kipimo. Kosa hilo linaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo sana.

DEREVA NA KONDAKTA

Ushahidi kwamba kutembea hulinda moyo si wa jana wala juzi. Mwaka 1953, daktari Mwingereza kwa jina Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitako siku nzima, naye kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ikabainika kwamba ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi ya makondakta, na kondakta aliyeugua hakufa upesi kama dereva. Morris mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Msomaji akitaka kuona jambo hilo hapa kwetu, na amtazame dereva wa matatu ambaye tumbo lake linagusa usukani, kisha amtazame utingo anayekimbia nyuma ya gari. Simshauri mtu yeyote kuning'inia mlangoni, lakini tofauti ya miili yao ni somo tosha.

Kuhusu kisukari, uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwahusisha zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini hawajafikia kuugua. Waliopunguza uzani kidogo na kufanya mazoezi kama kutembea haraka kwa dakika 150 kila wiki walipunguza hatari ya kuugua kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini waliipunguza kwa asilimia 31. Kwa maneno mengine, miguu pamoja na chakula cha kiasi viliwashinda vidonge.

Na hapa Kenya? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya juu. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja.

KUTEMBEA SI NI UMASKINI?

Nikiwaambia wagonjwa wangu habari za likizo ya kutembea, wengi hucheka. "Daktari, nilipe pesa ili nitembee?" aliniuliza mfanyabiashara mmoja. "Mimi nimetembea vya kutosha nikiwa mtoto."

Namwelewa. Kwa Wakenya wengi kutembea si mchezo. Yule kibarua anayetoka Mukuru alfajiri kwenda viwandani, na mama anayebeba mtungi wa maji kutoka mtoni, hawahitaji daktari wa kuwahimiza watembee. Wanahitaji nauli na bomba la maji. Ndiyo sababu gari la kwanza huonekana kama cheti cha kuhitimu kutoka katika umaskini, na mwenye gari huona aibu kuonekana akitembea hata kwenda dukani.

Hao wenye gari ndio ninaowazungumzia. Asubuhi wanakaa garini, mchana wanakaa ofisini, jioni wanakaa mbele ya televisheni. Mwezi wa Desemba ukifika wanakwenda Pwani, na huko wanakaa pia. Chakula ni cha kujipakulia asubuhi, mchana na jioni. Baada ya wiki moja wanarudi nyumbani na kilo mbili za ziada, pamoja na presha ambayo hawaijui.

Sidai kwamba siku tano za kutembea zinatibu presha. Hazitibu. Lakini nimeona faida zake mbili. Kwanza, mtu hugundua kwamba mwili aliodhani umechakaa bado unaweza kwenda. Pili, mwelekezi mzuri huenda mwendo ule hasa ambao sisi madaktari tunaupendekeza. Husimama aonyeshe ndege, hueleza mti, kisha huendelea. Mwendo unaofaa ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, unajikokota. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha.

KUTOKA MIDA HADI TANA

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilikwenda mwenyewe kwa njia ileile aliyopita Mwalimu. Nilitaka kujua nilikuwa nimempeleka wapi.

Siku ya kwanza ilikuwa hori ya Mida, karibu na Gede. Huko mnatembea wakati wa maji kupwa, katikati ya mizizi ya mikoko, na mwelekezi huwafundisha kutofautisha mkoko, mchu na muia. Kuanzia Septemba hadi Aprili hori hiyo hujaa ndege wa pwani waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Matope ya Mida ni mazuri kwa macho lakini hunyonya mguu. Kila hatua ni ya kung'oa, na magoti na nyonga hufanya kazi ambayo lami haijawahi kuwataka wafanye.

Siku ya pili ilikuwa ufuo wa Watamu. Watu hudhani ufuo ni rahisi kwa sababu ni tambarare. Sivyo. Kutembea kwenye mchanga laini hutumia nguvu mara mbili au zaidi ya zile za kutembea kwenye ardhi ngumu. Anayeweza kilomita sita barabarani na ahesabu tatu mchangani. Mwelekezi aliyezaliwa huko hujua saa za kupwa na kujaa, na huwatembeza watu kwenye mchanga ulioshikana maji yakiwa nje. Wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu, na asiyejua anaweza kujikuta amebanwa kati ya bahari na mwamba.

Siku ya tatu tulikwenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Huu ni mto uleule ambao huko juu huitwa Athi na katikati huitwa Galana. Huleta udongo mwekundu hadi baharini, na kwenye mlango wake kuna viboko. Mwelekezi alitukataza kabisa kusimama kati ya kiboko na maji, nami nawakataza wasomaji vilevile.

Siku mbili za mwisho zilikuwa katika delta ya Tana, ambayo mwaka 2012 iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya maeneo chepechepe yanayohitaji kulindwa. Kando ya mto Wapokomo wanalima mpunga na kupanda miembe. Nyuma yao kuna nchi ya nyasi ya Waorma na ng'ombe wao. Anayesikia neno ranchi akafikiria seng'enge na mtu juu ya farasi atashangaa. Hapa malisho ni ya jamii. Wakati wa kiangazi ng'ombe huletwa kwenye nyasi mbichi za delta, na mvua ikinyesha hurudishwa bara. Mchungaji hutembea nyuma yao kutwa nzima.

Mzee mmoja wa Kiorma, aliyesema kuwa amepita miaka 70, alikubali nimpime presha. Ilikuwa 122 kwa 78, kiasi ambacho wagonjwa wangu wengi wa miaka 40 wangekinunua kwa pesa. Nilipomsifu kwa kutembea kwake alinitazama kwa huruma kidogo. "Daktari," akasema, "zahanati iko mwendo wa saa tatu. Mjukuu wangu akiwa na homa, ninatembea pia." Nilinyamaza. Matembezi ambayo kwetu ni likizo, kwake ndiyo njia pekee ya kufika kwa daktari. Tunapolipia safari hizi, ni haki tuulize ni kiasi gani kinachobaki katika kijiji.

JOTO LA PWANI

Sasa nigusie kipimo. Mtu wa Nairobi au Nyeri akifika Pwani, jambo la kwanza litakalomshinda ni joto. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, kwa hivyo jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Likizo ya siku tano haitoi muda huo.

Kwa sababu hiyo, matembezi yaanze saa kumi na mbili asubuhi, yakome saa nne, na yaendelee tena baada ya saa kumi jioni. Miezi ya Julai na Agosti huwa na nafuu kuliko miezi ya kaskazi. Vaa kofia pana na nguo nyepesi za pamba. Kunywa maji kidogo kidogo kila mara. Mkojo wa rangi ya chai ni dalili kwamba hunywi ya kutosha, lakini kubugia lita nyingi kwa mpigo pia ni hatari kwani huzimua chumvi mwilini. Anayetokwa na jasho jingi au kuharisha anaweza kutengeneza maji ya chumvi na sukari mwenyewe: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, katika lita moja ya maji safi.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo. Mtu huyo akae kivulini, apumzike na anywe. Lakini akianza kusema ovyo au kuyumba kama mlevi, hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na mkimbizeni hospitalini huku mkiendelea kumpoza. Msimsubiri apate nafuu.

Wanaotumia dawa wawe waangalifu zaidi. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na ukichanganya na jasho mtu anaweza kuanguka. Usiziache kwa hiari yako, bali muulize daktari wako kabla ya safari. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari akitembea sana, kwa hivyo awe na glukosi au peremende mfukoni, si katika mkoba ulioachwa garini. Insulini yenyewe isiachwe kwenye gari lililopigwa jua. Chungu cha udongo chenye maji kidogo, au kitambaa kibichi kivulini, huihifadhi vyema pasipo na jokofu.

Asiyestahili kuondoka kabisa ni nani? Mimi humzuia mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi mpaka ishuke, mwenye maumivu ya kifua anapotembea mpaka achunguzwe, na mwenye kidonda mguuni mpaka kipone.

MIGUU KWANZA

Ningependa sehemu hii isomwe na kila mwenye kisukari, hata yule asiyekusudia kwenda popote.

Kupima kama miguu ina ganzi huchukua dakika mbili. Daktari au nesi hugusa unyayo kwa uzi maalumu wa nailoni nawe ukiwa umefumba macho. Usipousikia, miguu yako haiwezi tena kukulinda, na macho yako lazima yafanye kazi hiyo. Nilikuwa na uzi huo katika droo yangu miaka yote tisa.

Viatu vizoezwe kwa mwezi mzima kabla ya safari. Vinunuliwe jioni, wakati mguu umevimba kidogo, na viwe vipana mbele. Soksi ziwe mbili mbili kila siku ili ubadilishe zikilowa. Kung'uta kiatu kila unapokivaa. Usitembee pekupeku ufuoni hata mchanga ukikuita vipi. Mchana mchanga huunguza, na katika miamba kuna miiba ya baharini ambayo mguu wenye ganzi hautaijua. Kila jioni tazama nyayo kwa kioo, na katikati ya vidole kwa tochi. Ukiona lengelenge, usilipasue. Lisafishe, lifunike, na siku ya pili usitembee. Ukiona wekundu, usaha au harufu, safari yako imekwisha na kliniki ndiyo kituo kinachofuata.

Mazoezi nayo yaanze wiki sita kabla. Wagonjwa wangu huwaambia waanze na dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, na kuongeza kidogo kila wiki mpaka wafike saa moja bila kuchoka sana. Asiyeweza kumaliza saa moja Thika hataiweza Watamu.

MBU, KONOKONO NA MAZIWA

Mkaazi wa nyanda za juu hana kinga ya malaria, nayo Pwani ina malaria. Lala ndani ya neti yenye dawa. Uchunguzi uliofanywa Kilifi katika miaka ya 1990 ulikuwa miongoni mwa zile zilizothibitisha kwamba neti hizo huokoa maisha ya watoto, kwa hivyo mashahidi wako karibu. Muulize daktari kuhusu vidonge vya kukinga. Ukipata homa wiki moja au hata miezi kadhaa baada ya kurudi, pimwa upesi na useme kwamba ulikuwa Pwani. Wako waliokufa Nairobi kwa sababu hakuna aliyewauliza walikotoka.

Kichocho hakiambukizwi katika maji ya chumvi, hivyo matope ya Mida hayana hatari hiyo. Lakini katika delta, vidimbwi na mikondo ya maji matamu ina konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Panda mtumbwi badala ya kuvuka kwa miguu. Aliyeingia majini na apimwe mkojo baada ya miezi miwili au mitatu, hata kama haoni damu. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi.

Maziwa ya Waorma ni matamu na kukataa ni utovu wa adabu. Hata hivyo, maziwa mabichi huweza kuleta bruselosi, homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo kwa miezi. Omba chai ya maziwa. Utakuwa umeheshimu wenyeji na maziwa yatakuwa yamechemka.

Kuhusu nyoka, tembea nyuma ya mwelekezi, vaa viatu vinavyofunika kifundo, na usiku tumia tochi. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, na apelekwe hospitalini mara moja. Kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu kina ujuzi mkubwa wa dawa za sumu ya nyoka.

Mwisho, delta ilikumbwa na mapigano makali mwaka 2012 na mapema mwaka 2013, na barabara ya kwenda Lamu imewahi kushambuliwa. Waulizeni polisi na wenyeji hali ilivyo kabla ya kufunga safari.

"SISI SI HOSPITALI"

Baada ya Mwalimu kukatwa vidole, niliipigia simu kampuni iliyompeleka. Karatasi yao ya matangazo ilisema safari hiyo ni "matembezi mepesi yanayomfaa kila mtu". Haikutaja kilomita, mchanga wala matope. Niliuliza kama waliwahi kumuuliza habari za afya yake. Jibu lilikuwa: "Daktari, sisi si hospitali."

Ni kweli, wao si hospitali. Lakini anayemkodishia mtu mtumbwi humuuliza kama anajua kuogelea. Simlaumu mwelekezi, kijana wa huko anayelipwa kwa siku, ambaye anajua ndege kwa sauti zao lakini hakuambiwa kwamba mmoja wa watu tisa waliomfuata alikuwa na kisukari. Naye Mwalimu hakusema, kwa sababu aliona haya mbele ya wenzake.

Ninachowaomba wenye kampuni hizi si kikubwa. Wawe na karatasi moja ya maswali, itakayosomwa kwa siri: presha, kisukari, pumu, kifafa, moyo, ujauzito, dawa unazotumia. Kila mwelekezi awe amepata mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo Shirika la Msalaba Mwekundu na lile la St John Ambulance hutoa. Kila kundi liwe na maji ya akiba na gari au mtumbwi wa kumchukua aliyechoka, bila kumdhihaki. Na matangazo yaseme kweli: ni kilomita ngapi, kwa saa ngapi, juu ya nini.

Wenzangu madaktari nao nawaomba jambo moja. Tusiandike tena "Ashauriwe kufanya mazoezi." Hiyo si tiba. Ni njia ya kumtoa mgonjwa chumbani ili aingie mwingine.

TULIVYORUDI

Sikwenda peke yangu mwezi huo wa Agosti. Mwalimu ndiye aliyeniomba twende. Kidonda kilikuwa kimepona miezi mingi, sukari yake ilikuwa imetulia, na fundi alikuwa amemshonea viatu vipana vyenye nafasi mahali palipokuwa na vidole. Tulikubaliana kipimo: saa mbili asubuhi, basi. Katika matope ya Mida alikaa mtumbwini akatuangalia tukihangaika, akacheka sana.

Jioni ya kwanza aliketi kwenye mkeka akatoa kioo kidogo na tochi. "Mwalimu, umepoteza nini?" aliuliza mmoja wa akina mama. Akamwonyesha mguu wake na kumsimulia yote, bila haya safari hii. Jioni ya tatu walikuwa watano wameketi safu moja wakichunguza nyayo zao, akiwemo mwelekezi mwenyewe, aliyekuwa na ufa wa kisigino aliouficha kwa wiki mbili.

Nilikuwa na mashine ya kupima sukari, nikampima kila aliyetaka. Bwana mmoja wa miaka 47, mchangamfu, aliyekuwa akinywa maji kuliko sote na kusingizia joto, alionyesha 14. Hakuwa amepimwa maishani mwake. Tulipima tena asubuhi kabla hajala, kisha akathibitishwa katika maabara aliporudi. Sasa anatumia dawa, na kila asubuhi anatembea hadi kituo cha basi badala ya kupanda bodaboda.

Mida, Sabaki na Tana haziko mbali nasi, wala si za wageni pekee. Nendeni. Lakini kabla ya kulipa, pimeni presha, sukari na miguu. Na daktari akikuambia "tembea", usiondoke kitini mpaka akuambie ni dakika ngapi, siku ngapi kwa wiki, na ukiwa umevaa viatu gani.